Likasi: Watoto wawili, tabliye moja

LIKASI – Jumamosi tarehe 30 Agosti 2025, siku mbili kabla ya masomo kufunguliwa nchini, mji uliamka mapema kuliko kawaida. Katika komini ya Kikula, akina mama walikuwa bombani na mabidoni yao kabla jua halijatoka. Soko lilipoanza kuchangamka, njia ilikuwa imejaa wazazi wenye karatasi mkononi. Karatasi hiyo ni orodha ya vifaa ambayo kila shule huwapa wazazi, na wakaaji wa hapa wanaiita liste tu. Kwa wengine ilikuwa imekunjwa na kukunjuliwa mara nyingi mpaka maandishi yamefutika kwenye mikunjo.

Chukua lupango moja tu la Kikula. Jina la familia halihitajiki, maana karibu kila njia ina lupango kama hili. Baba anachimba upande wa Kambove na kurudi nyumbani mwisho wa juma. Mama anauza vitumbula mbele ya nyumba. Nkambo, mama yake baba, anaishi nao. Watoto ni wanne, na wa mwisho, msichana wa miaka 4, anaanza materneli Jumatatu. Tangu mwezi wa tano wapo pia mdogo wake mama na kijana wake, naye wa miaka 4, waliotoka Goma. Mji huo ulipochukuliwa na M23 mwezi wa kwanza, walikimbilia Bukavu. Bukavu nayo ikachukuliwa mwezi wa pili, wakashuka Uvira, wakapanda mashua mpaka Kalemie, na kutoka hapo lori, kungoja, kisha treni. Walifika Likasi na mfuko mmoja wa nguo.

Siku ya maandalizi ilianza na maji. Ndoo mbili za kuoga watoto, moja ya kufua, moja ya kukanda unga wa vitumbula, maana hata siku ya shughuli biashara haipumziki. Yule mama akauza mpaka beseni likabaki nusu, akamwachia binti yake mkubwa, akaingia kumsuka mdogo. Mtoto hakutulia. Alitaka kujua kama mwalimu anapiga, kama huko shuleni kuna bukari, kama mama atabaki naye ndani. Swali la tatu aliliuliza mara nne. Mama alijibu la kwanza na la pili, na kila la tatu lilipokuja akasema, "Tulia, kichwa kinapinda."

Tangu hapo siku ilikwenda mbio. Sokoni, nyumbani, kwa fundi wa cherehani, sokoni tena kwa sababu kikombe kilisahaulika. Orodha ilidai tabliye mbili, penseli za rangi, daftari la kuchora, udongo wa kufinyangia, kikombe, kitambaa cha mikono, sabuni, karatasi za chooni na rimu nzima ya karatasi nyeupe. Rimu nzima, kwa mtoto ambaye hajajua kushika kalamu. Kila mzazi wa Likasi anajua kwamba karatasi hizo zinaishia ofisini, na kila mzazi ananunua bila kuuliza, asije mtoto akaonwa kuwa wa wazazi wagumu.

Pesa ya tabliye mbili haikupatikana, ikashonwa moja. Lakini mfuko wa mgongoni ulinunuliwa. Wa rangi ya waridi, wenye picha ya binti mfalme wa sinema za katuni, mkubwa kiasi kwamba ukiwekwa mgongoni kwa mtoto unaanzia shingoni na kuishia magotini. Bei yake ilipita ya tabliye. Mama aliupunguza kwa maneno karibu robo saa, akalipa, akarudi nyumbani kwa miguu kwa sababu pesa ya pikipiki ilikuwa imeingia humo.

Jua lilipokuwa utosini fundi alileta tabliye. Msichana alikuwa bado kwenye beseni la kuoga. Kijana wa Goma, aliyekwisha kuoga, akaichukua juu ya kiti, akaivaa. Akafanikiwa kufunga kifungo kimoja. Akasimama mlangoni, mikono imenyooka kando kama wanafunzi anaowaona wakipita asubuhi. Msichana alipotoka na kumwona, akalia. Mama mdogo akaja, akamvua mtoto wake bila kusema kitu. Kijana hakulia. Alikwenda kukaa karibu na gunia la makala, na chakula kilipoiva akaitwa mara mbili kabla ya kuinuka.

"Yaya, muache tu," mama mdogo alimwambia dada yake. "Huyu atabaki na miye. Mwaka kesho Mungu akipenda."

Baba, aliyekuwa amefika kutoka Kambove usiku uliotangulia, alisikia akiwa uani. "Shemeki, abaki wapi? Na wewe unaenda kuuza, utamuacha na nani?"

Hakuna aliyekuwa na jibu, na hapo ndipo penye jambo lenyewe. Mama mdogo ameanza kutafuta riziki kama wengi waliofika bila kitu: kufua nguo za watu, kubeba mizigo sokoni, na siku nyingine kufuatana na wanawake wanaokwenda kuosha mawe ya madini mtoni. Siku hizo mtoto huenda naye. Hucheza kwenye tope ambamo mawe yameoshwa, hula kwa mikono hiyohiyo. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha walichokikuta katika mkojo wa wakaaji wa maeneo ya madini ya Katanga: wanaoishi karibu na machimbo na viwanda wana kobalti nyingi kupita kiasi, na watoto kuliko wakubwa. Kwa hiyo mtu akisema mtoto wa miaka 4 "atabaki tu", katika mji huu aulizwe anabaki kwenye vumbi gani.

Materneli kwa watu wengi wa Likasi ni kama pambo. Wanasema mtoto huko anaimba, anacheza na kulala, na masomo ya kweli yanaanza darasa la kwanza. Wazo hilo limekaa muda mrefu, na limepewa nguvu na namna nchi ilivyopanga mambo. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 43, inasema elimu ya msingi ni ya lazima na ya bure katika shule za serikali. Ahadi hiyo ilianza kutekelezwa kweli mwezi wa tisa 2019, na watoto wengi waliokuwa wakizurura wakaingia darasani. Hilo ni jambo kubwa na halifai kudharauliwa, hata kama madarasa yamejaa mpaka watoto wanakaa chini. Lakini bure hiyo inaanzia mtoto akiwa na miaka 6. Kwa wa miaka 3 mpaka 5 mzazi analipa mwenyewe: pesa ya kuandikisha, ya kila mwezi, na vifaa. Mlango wa kwanza kabisa wa shule umebaki na kufuli.

Matokeo yake yanaonekana darasa la kwanza. Mmoja anaingia amezoea kukaa, kungoja zamu, kushika penseli, kutaja jina lake lote na kumwomba mwalimu ruhusa ya kwenda chooni. Mwingine anaingia akiwa hajawahi kutengana na mama yake hata nusu siku. Mwalimu ana watoto wengi kuliko madawati na hana muda wa kumngoja wa pili. Mtoto huyo hana akili pungufu, amechelewa kwa miaka mitatu ambayo hakuna aliyemhesabia.

Wazee wa Likasi wanakumbuka mpango mwingine. Mji huu ulipoitwa bado Jadotville, na baadaye chini ya Gécamines, kampuni ndiyo iliyobeba familia ya mfanyakazi: nyumba, hospitali, unga, shule, na nyumba za mafunzo ya akina mama. Nkambo wa lupango hili husimulia habari hizo kila mwaka masomo yanapofunguliwa, na wajukuu wamezikariri. Si lazima kuzitamani siku hizo kwa kila kitu, kwa sababu kampuni iliyokupa unga ndiyo iliyokupangia pa kulala na saa ya kuamka, na ambaye hakuwa mtu wa kampuni alibaki nje ya ukuta. Hata hivyo, mzigo ule ulikuwa na mbebaji. Uzalishaji ulipoporomoka miaka ya 1990, na mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10.000 walipoondolewa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, mzigo ulitua juu ya kichwa cha mama mwenye beseni la vitumbula. Tangu hapo haujapata kichwa kingine.

Jioni ya Jumamosi mazungumzo yalihamia kwenye makaratasi. Cheti cha kuzaliwa cha msichana kipo ndani ya sanduku la nkambo, kimefungwa kwenye plastiki. Cha kijana kilibaki Goma, katika nyumba ambayo hakuna anayejua kama bado ina mlango. Kadi yake ya chanjo ililowa kwenye mashua. Sheria inampa kila mtoto haki ya kuandikishwa ndani ya siku 90 baada ya kuzaliwa, bila malipo. Siku hizo zikipita bila kuandikishwa, njia ni hukumu ya mahakama, ile inayoitwa jugement supplétif, na huko mzazi anahitaji muda, mashahidi, na mara nyingi pesa ya safari za kwenda na kurudi. Kijana huyu aliandikishwa kwa wakati. Ila ushahidi uko upande wa pili wa vita, na mama yake hana wa kumtuma kuufuata.

Mwenye shule anayedai cheti hafanyi kosa, anafuata utaratibu. Lakini utaratibu uliotengenezwa kwa ajili ya mtu aliyekaa kwao hauwezi kumpima mtu aliyekimbia usiku. Mtoto aandikwe kwa jina analotajwa na mama yake na kwa barua ya mkuu wa mtaa anaokaa, cheti kitafutwe huku amekwisha kukaa na wenzake. Kumweka nyumbani mpaka karatasi ipatikane ni kumwadhibu kwa kosa la wenye bunduki. Kuna shule hapa zinazofanya hivyo kimyakimya, kwa huruma ya mkurugenzi mmoja mmoja. Ingefaa liwe neno la wazi, lisemwe na wakuu wa elimu kabla ya mwezi wa tisa na lisikike redioni, ili mama aliyefika juzi asihitaji kujua ni mlango gani wenye huruma.

Na liste ipunguzwe. Hili halihitaji serikali wala mfadhili. Kamati za wazazi zipo, zinakutana, zinachangisha. Zinaweza kukaa na shule mwezi wa saba, kila kitu kwenye karatasi kiulizwe kinatumika na nani. Kikombe, sabuni na penseli, sawa. Rimu, hapana. Tabliye ya pili ingoje mpaka mwezi wa kumi na mbili. Wazazi wenyewe nao wana lao la kujibu, maana hakuna shule iliyoandika mfuko wa binti mfalme. Huo ulinunuliwa kwa ajili ya macho ya majirani Jumatatu asubuhi. Si jambo la kumcheka mtu. Mama ambaye mwaka mzima amevaa kitenge kilekile anataka angalau siku moja mtoto wake apite njiani na asionekane mnyonge. Ila mfuko ule ulikuwa na bei ya tabliye ya mtoto wa pili na penseli zake, na mtoto wa pili alikuwa ndani ya nyumba ileile.

Kwa malupango ambayo hata materneli ya bei ndogo haifikiki, kuna njia ambayo haijatumiwa vya kutosha hapa. Nchini Kongo zipo sehemu za kulea na kuamsha akili za watoto zinazoendeshwa na jamii yenyewe, kwa Kifaransa espaces communautaires d'éveil, ambazo UNICEF imezisaidia katika majimbo kadhaa. Hazidai jengo kubwa. Hudai kivuli, choo, maji ya kunawa na watu wazima wawili wenye subira ambao wamefundishwa kidogo. Kati ya akina mama waliofika Likasi kutoka Kivu, Tanganyika na upande wa Mitwaba, wapo waliokuwa walimu. Leo wanafua nguo. Makanisa ya Kikula, Panda na Shituru yana kumbi zinazokaa tupu kuanzia Jumatatu mpaka Ijumaa. Walimu hao na kumbi hizo wanatenganishwa na mwendo wa dakika kumi kwa miguu.

Liko jambo jingine ambalo haliandikwi kwenye liste yoyote. Siku nzima ya Jumamosi lupango lilikimbia kuandaa vitu, na hakuna aliyepata dakika tano za kumjibu msichana swali lake la tatu. Mama atabaki ndani? Jibu ni hapana, na ni heri alipate nyumbani, siku kadhaa kabla, kwa maneno rahisi: mama atakuacha na mwalimu, ataenda kuuza, jua likifika juu ya mwembe atarudi. Kisha arudi kweli saa hiyo, siku ya kwanza kuliko siku zote. Mtoto akidanganywa getini, mama akinyemelea na kutoweka, atalia juma zima na kila asubuhi itakuwa vita.

Kwa kijana wa Goma neno hilo lina uzito mwingine. Yeye amekwisha kuona watu wakiaga na wasirudi. Mwalimu atakayempokea anahitaji kuambiwa hivyo, kwa sauti ya chini, pembeni. Anahitaji pia kuambiwa kwamba akisema "bugali" wenzake wasimcheke kwa sababu wao wanasema "bukari". Juma la kwanza alipofika, watoto wa lupango walimcheka kwa neno hilo, naye akanyamaza siku mbili. Nkambo ndiye aliyewakemea. "Na ninyi mukienda kwao watawacheka," aliwaambia. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa, na mtoto wa Kivu akifika Katanga hafiki ugenini kabisa: ana lugha mdomoni tayari, imekatwa kidogo tofauti tu. Mtoto anayelazimishwa kuingia siku ya kwanza kwa Kifaransa ambacho hakisikii nyumbani anapoteza hata hicho alichokuja nacho. Mwalimu wa materneli ampokee kwa Kiswahili, chochote atakachokuja nacho. Kifaransa kina miaka mingi ya kuja.

Jumapili baada ya ibada, baba alichukua mfuko wa waridi, ukiwa bado na karatasi yake ya dukani, akaurudisha sokoni. Mwuzaji hakufurahi. Alisema bidhaa ikishatoka hairudi, kisha akasema ina vumbi, kisha akakubali kuupokea kwa bei ya chini kuliko aliyouuzia. Baba akachukua pesa na mifuko miwili midogo ya kitambaa, isiyo na picha. Msichana alilia kwa ajili ya binti mfalme mpaka usingizi ukamchukua. Mama naye hakumsemesha mumewe mpaka jioni. Fundi alikuwa amefunga, lakini alikaa nyuma ya mashine yake, akafungua. Kitambaa cha rangi ileile kilikuwa kimekwisha, kwa hiyo tabliye ya pili ikashonwa kwa kingine kilichokaribiana, na mtu akiwa mbali haoni tofauti.

Jumatatu tarehe 1 Septemba watoto wawili waliondoka Kikula mbele ya akina mama wawili. Getini mwandishi wa shule aliandika jina la msichana, akatazama cheti, akagonga muhuri. Akamgeukia kijana, akanyoosha mkono kupokea karatasi yake. Mama mdogo akamwekea mkononi barua ya mkuu wa mtaa. Mwandishi aliisoma mara mbili, akainuka, akaingia nayo ofisini kwa mkurugenzi. Kijana alibaki amesimama mbele ya meza, mikono imenyooka kando, vifungo vyote vimefungwa.